Siku Mbili za Kulipa

Jumapili, 1 Desemba 1935. Ramadhani nne.

Baiskeli mpaka Amborovy na kurudi, mara mbili, kabla jua halijapanda. Spoku moja ya gurudumu la nyuma imelegea, nimeikaza. Nimefika Antanimasaja, mtaa wetu hapa Mahajanga, koo kavu, na saa ndiyo kwanza moja na nusu. Kilichobaki ni kungoja magharibi. Watu hudhani taabu ya kufunga ni njaa. Njaa si kitu. Kiu ndiyo yenyewe.

Lakini mpango wangu mzuri. Mashindano ya baiskeli ya kisiwa cha Nosy Be ni siku ya mwaka mpya. Idi itakuwa imeshapita. Nitakula, nitakunywa, nitapanda baiskeli kama binadamu. Mwezi huu napiga pedali kidogo tu, miguu isisahau kazi.

Naandika Kiswahili cha marehemu baba kwa herufi za Kiarabu za chuoni. Mtaani ni Kisakalava na Kingazija, ofisini Kifaransa. Kiswahili kimebaki cha bahari, cha dua na cha daftari hili. Ndiyo raha yake. Dukani ninakofanya kazi hakuna wa kulisoma.

Jumanne, 3 Desemba

Barua kutoka Ambondrona, Nosy Be. Mwandiko wa mtu mwingine, maneno ya mama mkwe. Miezi saba sijatia mguu kwa mke wangu. Anasema binti yake Mariamu hana mume, ana habari za mume. Nikija Idi nije na sanduku langu. Nisipokuja na sanduku nije na talaka.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Wazazi wake humjengea, mume huingia na sanduku lake la nguo, na hapo ndipo kwake. Sanduku langu mpaka leo liko chini ya kitanda hapa Antanimasaja, na mimi juu ya kitanda.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesikia. Kinachonizuia ni baiskeli. Ni mali ya Tajiri, Banyani mwenye duka la vitambaa. Siku za kazi napelekea wateja mizigo, siku za sikukuu nashindana nayo. Nikiacha kazi nimeacha baiskeli. Bila baiskeli mimi ni mpima kanga mwenye mapaja makubwa.

Zawadi ya kwanza Nosy Be ni baiskeli mpya kutoka Ufaransa. Nikiipata nahamia Ambondrona siku hiyo hiyo. Nimemwandikia Mariamu hivyo.

Jumatatu, 9 Desemba

Laana. Tangazo limebandikwa posta. Mashindano si mwaka mpya tena, ni siku ya Noeli, Jumatano tarehe 25. Mkubwa fulani anaondoka likizo na anataka kuona baiskeli kwanza. Vazaha, yaani Wazungu, watapanda alfajiri kungali na ubaridi. Sisi wenyeji saa nne, wakishatoka kanisani.

Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Ramadhani ishirini na nane.

Jumanne, 10 Desemba

Nimejaribu. Saa nne, barabara ya Marovoay, bila tone la maji. Nusu saa ya kwanza nilijiona mwanamume. Kisha masikio yakaanza kuvuma. Nimeshuka, nimekaa kando ya mtaro, kichwa katikati ya magoti. Mama mmoja muuza maembe akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina Ramadhani.

Haiwezekani. Siwezi kufunga na kushinda. Mtu asinidanganye.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeamka na jibu. Msafiri! Msafiri ana ruhusa ya kula mchana, atalipa siku nyingine. Hata mtoto wa chuo anajua. Nosy Be ni usiku, mchana, na usiku tena kwa meli. Nilicheka peke yangu kitandani.

Baada ya alasiri nimekwenda kwa Fundi. Ndivyo Wangazija tunavyomwita mwalimu wa dini, na huyu ndiye aliyenifundisha alifu kwa kijiti. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kauliza swali moja tu: huko utalala wapi? Kwa mke wangu, nikasema. Na nilisema kwa fahari, mjinga mimi.

Kacheka mpaka tasbihi ikamwanguka. "Basi mwanangu huendi safari. Unarudi nyumbani. Melini kula. Ukishavuka kizingiti cha mkeo, funga kama wenye nyumba."

Nikamwambia nakaa siku chache tu, nitarudi Mahajanga. Kasema hiyo ni hoja, na vitabu vina maneno mengi. Nikitaka kuishika nishike. "Lakini ukila mchana kwa mkeo, umemwambia nyumba yake ni hoteli."

Nimetoka na hasira. Hasira zaidi kwa sababu kasema kweli.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimepata karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Foleni tangu saa mbili, karani ana mafua na ananung'unika. Kaandika: makazi, Mahajanga. Msafiri. Muhuri mkubwa.

Serikali inasema mimi ni msafiri. Fundi anasema mimi ni mwenye nyumba. Sijawahi kuipenda serikali kama leo.

Jumatano, 18 Desemba

Mazoezi mabaya. Mvua, matope mekundu mpaka kwenye meno. Nimegombana na mvuta kigari cha rikisho, kosa langu.

Tajiri kakubali baiskeli iende. Kashona jina la duka mgongoni mwa fulana yangu, herufi kubwa. Sharti lake moja: Jumapili tarehe 29 baiskeli iwe melini, kurudi. Na wewe pamoja nayo, kasema.

Nimepata chupa bapa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Ina kizibo kizuri. Inakaa kiunoni chini ya fulana, haionekani. Kuwa na chupa si kunywa.

Jumamosi, 21 Desemba

Meli inang'oa nanga baada ya magharibi. Baiskeli nimeifunga kwenye chuma cha sitaha, nimeivika gunia.

Kabla ya kutoka nimelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nimelifuta vumbi. Nimelirudisha.

Jumapili, 22 Desemba. Melini.

Nimekula. Wali, samaki, embe mbili, maji, maji, maji. Halali tupu. Abiria waliofunga wananitazama na mimi nawatazama. Siku moja ya kulipa. Hiyo naikubali kwa moyo mweupe.

Nikishuka itakuwaje sijui. Sitaki kufikiri.

Jumatatu, 23 Desemba. Ambondrona.

Tumeshuka bandarini Hell-Ville alfajiri. Nimepanda baiskeli moja kwa moja mpaka Ambondrona. Mama mkwe alikuwa anafagia uwanja. Kanipokea vizuri, pole na safari, kisha kachungulia nyuma yangu. Alikuwa anatafuta sanduku. Mariamu hakutafuta. Alijua.

Kagongelea misumari mitatu mipya ukutani, ya nguo zangu. Shati langu moja limening'inia msumari wa kwanza. Miwili mitupu. Nimeikodolea macho mchana kutwa kwa sababu nimefunga na sina kazi nyingine.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haitoki.

Wakati wa kufuturu mama mkwe kasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kahesabu kwa vidole, mbele ya macho yangu. Jumatatu. Jumanne. Jumatano.

Jumanne, 24 Desemba

Nimepita njia yote taratibu. Hell-Ville, Ambondrona, kisha mashamba ya miwa mpaka kiwanda cha sukari Dzamandzar, kugeuka pale, kurudi Hell-Ville. Mara mbili. Maana yake Mariamu ataniona mara nne. Kwenye miwa hakuna nyumba. Kuna kona moja ambako mtu haonekani mbele wala nyuma. Nimeiona na nimejifanya sikuiona.

Washindani wa bara wamevuka na mashua kutoka Antsahampano. Mmoja tu ananitisha. Tombo, seremala wa Ambanja. Baiskeli yake nzito kama kitanda, lakini vigimbi vya miguu yake nimeviona. Si Mwislamu, hafungi. Alikuwa anakula ndizi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayepakia gari.

Nalala mapema.

Jumatano, 25 Desemba. Ramadhani ishirini na nane.

Niandike yote, kama yalivyokuwa.

Daku Mariamu kaniamsha. Wali wa nazi, mayai mawili, yote mawili yangu. Kakaa ananitazama ninavyokula. Nilikula kama mtu anayefunga. Lakini sikunuia. Ulimi haukusema na moyo haukusema. Aliposimama kuswali nikaenda kisimani, nikajaza chupa, vijiko viwili vya sukari ndani. Nilijiambia: karatasi inasema msafiri.

Saa nne. Jua kali. Tarumbeta, bendera, vazaha kwenye viti chini ya turubai. Sisi kumi na wanne. Firimbi.

Mara ya kwanza Ambondrona nilikuwa wa tatu. Mama mkwe anapiga vigelegele. Mariamu kasimama na leso yake ya buluu, hapungi mkono, ananitazama tu. Kurudi kutoka kiwandani, wa pili. Tombo mbele. Hell-Ville tukageuka. Midomo imegandana. Mate hakuna. Kigimbi cha kushoto kinakaza kama kamba. Mara ya tatu Ambondrona Mariamu kasimama palepale. Sikuweza hata kufunga mdomo.

Kisha miwa. Tombo kaipita ile kona. Nikaifikia. Nikawa peke yangu.

Nilikunywa. Si kwa kusahau, si kwa kuanguka, hakuna aliyenilazimisha. Niling'oa kizibo kwa meno. Maji ya moto, matamu, yakashuka mpaka kifuani. Nilimaliza yote. Nilitaka kulia na nilitaka zaidi.

Nguvu zikarudi, kweli zikarudi. Kiwandani nilimshika Tombo. Mara ya nne Ambondrona tulipita bega kwa bega, na safari hii Mariamu kainua leso. Nilikanyaga pedali mpaka nikaona giza. Hell-Ville, mwisho wa barabara, Tombo kanipita kwa gurudumu moja. Moja tu.

Zawadi ya pili ni pampu ya baiskeli. Wameniletea kwenye sinia.

Tombo atarudi Ambanja na baiskeli mbili. Miguu miwili, baiskeli mbili.

Alhamisi, 26 Desemba

Mama mkwe kazunguka kijiji kizima. Wa pili, na saumu mdomoni! Wazee wamekuja kunishika mkono. Mmoja kasema, angekunywa maji huyu, Tombo asingemwona hata vumbi. Wote wakaitikia. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu.

Nilikunywa na sikushinda. Hakuna mjinga kama mimi kisiwa hiki.

Alasiri nimemkuta Mariamu kapiga magoti kando ya kitanda. Mstari wa sisimizi kutoka mlangoni mpaka kwenye furushi langu. Wameingia kwenye chupa. Sukari. Kawafagia bila haraka, wote. Kanusa kizibo. Kisha katoka nayo, kaiosha kwa majivu, kaipindua rafuni pamoja na chupa zake nyingine, mahali kila mtu anapaona. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwezi haukuonekana. Mawingu.

Ijumaa, 27 Desemba

Thelathini. Nimefunga. Mariamu ananisemesha habari za kuni na maji basi. Nangoja aulize. Haulizi. Afadhali angenipiga na mwiko.

Jumamosi, 28 Desemba. Idi.

Swala, ubani, mikono mingi. Imamu kanitaja kuwa mfano kwa wote. Nilitamani mkeka unimeze.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe alikwenda kwa jirani na sahani ya maandazi. Tukawa wawili. Nikamwambia Mariamu yote, kona, kizibo, vijiko viwili. Nimesema nikitazama misumari.

"Najua," kasema. "Sisimizi hawafungi."

Nilidhani yamekwisha. Kaketi mbele yangu.

"Nina swali moja. Ulikunywa kama msafiri, au kama mwenye nyumba?"

Nikapima moyoni. Kama msafiri, sina dhambi, Fundi mwenyewe kasema hoja ipo, karatasi ninayo. Ila msafiri ana meli kesho. Kama mwenye nyumba, nimevunja Ramadhani kwa makusudi, mchana kweupe, nikapokea sifa juu yake. Dhambi mbili. Na niko kwangu.

"Meli kesho," kasema. "Basi utajibu kesho." Kainuka kwenda kutazama chungu cha nyama.

Jumapili, 29 Desemba

Nimeamka mapema. Nimeosha baiskeli ya Tajiri kwa maji ya kisima, mnyororo, spoku, kila kitu. Nimeivika gunia lake. Mariamu alikuwa anasuka ukili wa mkeka mlangoni. Hakuinua kichwa.

Nimeipanda mpaka Hell-Ville. Polepole. Kwenye mteremko wa mwisho nimeachia pedali, nikaacha iende yenyewe. Kisha nimeipandisha melini, nimeifunga pale pale ilipokuwa wakati wa kuja. Nimempa baharia mmoja barua mbili. Moja ya Tajiri: ahsante, samahani, baiskeli nzima, mimi sirudi. Nyingine ya jirani yangu wa Antanimasaja: lile sanduku chini ya kitanda, lipakie meli ijayo.

Honi imelia nikiwa gatini. Nilisikia uchungu, tena mkubwa, kama meno yanang'olewa. Sitasema sikuusikia.

Kurudi ni kwa miguu. Ile barabara sijawahi kuitembea. Ni ndefu. Nimefika Ambondrona jua limepinda, viatu mkononi. Mariamu yuko palepale mlangoni.

"Kama mwenye nyumba," nikasema.

Kasuka ukili wake mpaka mwisho wa mkunjo. "Basi una dhambi," kasema. "Na una siku mbili. Ya melini na ya kwenye miwa." Kisha kasogea, nipite.

Jumatatu, 30 Desemba

Mama mkwe kanipa jembe. Kasema kachelewa kunipa. Shimo la taka, kisha ua wa nyuma. Mgongo unauma mahali ambapo baiskeli haikuwahi kugusa.

Nimekwenda kiwandani kuuliza kazi. Nitaanza wiki ijayo kwenye mizani ya miwa. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa miguu. Nitapita ile kona kila siku.

Jumanne, 31 Desemba

Nimelipa siku ya kwanza. Mama mkwe kaona sikugusa chai ya asubuhi, kasema vyema, safari ina deni lake. Hakuna aliyeshangaa. Jioni nimefuturu peke yangu, wenzangu wameshakula.

Usiku huu nanuia ya pili. Nimenuia kwa ulimi na kwa moyo. Nitawaambia nini kesho sijui.

Jumatano, 1 Januari

Leo ndiyo ingekuwa siku ya mashindano. Hakuna upepo, anga safi. Siku nzuri ya baiskeli.

Daku Mariamu kaniamsha. Sahani zilikuwa mbili. Kala na mimi mpaka tukasikia adhana.

Asubuhi mama mkwe akatazama chai yangu inapoa, akaniambia: mwanangu, melini ulikaa siku moja tu. Kabla sijafungua mdomo Mariamu kasema, "Nina siku zangu za Ramadhani, Mama. Ananisindikiza." Mama mkwe akaondoa vikombe vyote viwili. Siku za mwanamke haziulizwi.

Nimepalilia ua. Misumari miwili bado mitupu, lakini meli ya kuleta sanduku langu inaondoka Mahajanga Jumamosi ijayo. Mama mkwe kagundua pampu yangu inawasha mkaa vizuri kuliko pepeo lake, haniachii tena. Naisikia hapa ninapoandika, fyu, fyu, fyu.

Jua linashuka. Mariamu katandika mkeka mlangoni. Tende, mkate, sahani mbili. Kaichukua ile chupa kutoka rafuni, kaijaza maji ya mtungi, kaiweka kati yetu. Tumekaa. Bado kidogo adhana.